Siku Tuliyozaliwa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mombasa)



Tumeombwa tuseme machache kabla ya chai, nasi tumechagua habari ambayo wengine wataicheka: siku ya kuzaliwa. Msicheke upesi. Mna mkate wa mtu ndani yake.

Katika karakana yetu tuko wawili tuliozaliwa tarehe 30 Mei. Twaijua kwa sababu padre wa misheni aliiandika katika daftari la ubatizo, la sivyo nasi tungetiwa katika lile kundi kubwa la watu wa 1 Januari. Siku moja tulikaa tukaulizana, je, siku yetu hii imepata kuona nini? Tukatafuta. Tulistaajabu. Tarehe 30 Mei 1896 ndipo ilipolazwa reli ya kwanza hapa kisiwani, ile iliyoitwa Reli ya Uganda. Na 30 Mei 1899 ncha ya reli ikafika Nairobi, mahali palipokuwa maji, tope na nyasi. Miaka mitatu kamili, maili zaidi ya 300. Basi sisi wawili tulikuwa watu wa reli hata kabla ya kuandikwa kazi! Reli mpya ya kwenda Nairobi ilifunguliwa 31 Mei 2017. Ilitukosa kwa siku moja tu, na mwenzetu bado ana kinyongo.

Siku hiyo hiyo, 30 Mei 1937, huko Chicago, Marekani, polisi waliwapiga risasi wafanya kazi wa chuma waliokuwa katika mgomo, wakafa 10. Hatukufurahi kuiona katika siku yetu, lakini imo.

Wahindi karibu 32,000 waliletwa kuijenga reli ile. Waliokufa waliandikwa, karibu 2,500. Na simba wa Tsavo, mwaka 1898, Wahindi waliowala walitajwa kuwa 28. Waafrika walioliwa pamoja nao hawakuwekewa hesabu. Vilevile hapa mjini, zamani kulikuwa na vigari vya mabwana vikisukumwa na watu juu ya reli nyembamba, kupita Ndia Kuu na kwenda Kilindini. Aliyekaa garini jina lake laweza kuonekana katika vitabu. Aliyesukuma, nani amjua? Tangu hapo mtu wetu hana tarehe ya kuzaliwa wala ya kufa.

Sasa sikilizeni habari ya mzee wetu mmoja, mtu wa Kibokoni, ambaye amekwisha kustaafu. Alipoandikwa kazi, karani alimwuliza, "Umezaliwa lini?" Akajibu kama alivyofunzwa na mama yake: "Mwezi 12 Mfunguo Sita, siku ya Maulidi, mwaka wa mgomo." Karani hakuwa na nafasi ya maneno hayo katika karatasi yake. Akamtazama uso, akaandika 1 Januari 1945.

Ndugu zetu, mama yule hakuwa amebahatisha. Mgomo mkuu wa Mombasa ulianza 13 Januari 1947. Watu wa gati, watu wa reli, wapishi na maboi wa majumbani, watu wapata 15,000, waliacha kazi karibu siku 12, wakikutana katika kiwanja cha Kiembeni. Ndipo kilipozaliwa chama cha African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake, hata serikali ikamkamata Agosti mwaka ule ule na kumpeleka kizuizini. Nayo Maulidi ya mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Februari, siku kama kumi baada ya watu kurudi kazini. Hesabu ya mwezi na hesabu ya mgomo zakutana mahali pamoja. Mama hakujua kusoma, na tarehe yake ilikuwa safi kuliko ya karani.

Lakini mzee alipewa barua ya kustaafu kwa tarehe ya karani, miaka miwili kabla ya haki yake. Mshahara wa miaka miwili! Alipokwenda kulalamika aliambiwa alete ushahidi, na mama alikuwa ameshafariki. Hakuna aliyemwambia kwamba mgomo una tarehe, na kwamba Maulidi ya kila mwaka yaweza kutafutwa. Sisi wenyewe tuliyajua haya baadaye, tulipokuwa tukicheza na 30 Mei yetu.

Kwa hiyo twawaomba ninyi wa 1 Januari, na hapa tunaona mikono mingi, mwende kwa mama zenu, shangazi zenu na majirani wa zamani wakati bado wapo. Waulizeni: mvua gani, njaa gani, mwezi gani, meli gani ilikuwa bandarini, nani alifiwa siku hiyo. Andikeni kama walivyosema, msitengeneze. Katibu ameweka daftari mezani, lile lenye jalada jekundu, nasi wawili tutakaa naye kila Jumamosi alasiri kulinganisha tarehe. Mwenye haya ya kuandika aje na mtoto wake wa shule. Chai iko tayari.