Tusipande mihogo ya aina moja tu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanamemba)



Tangu turudie, kila familia inaomba miti ya mihogo. Wafadhili wamekubali kutununulia. Wengi wanasema tuchukue aina moja, ile inayozaa kupita zote. Naomba tufikiri kwanza.

Muhogo tunaupanda kwa kukata mti, na kila kipande kinabeba damu ileile ya mama yake. Miti elfu moja ya aina moja ni kama mmea mmoja uliorudiliwa mara elfu. Ugonjwa ukiweza kuangusha mmoja, utaangusha yote. Kule Ireland, maskini wengi walitegemea kiazi cha aina moja, Lumper. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia, na njaa iliua karibu watu milioni moja.

Mtasema: basi tuchanganye majina. Lakini jina linadanganya. Kilima hiki kinaita muhogo hivi, kilima kile kinauita vingine, kumbe ni uleule. Njo maana wataalamu wanapima ADN. Wanachukua jani changa, wanalikausha, na kwa laboratwari wanasoma alama zake, ni kusema sehemu ambapo mimea inatofautiana. Mimea inayofanana kwa alama zote wanaihesabu kuwa aina moja. Ile inayoachana sana iko ya ukoo mbalimbali.

Kuna jambo lingine. Mihogo mingi ya kisasa inayovumilia mozaiki inaegemea jini moja tu, CMD2. Na jini hiyo haizuii ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoozesha mizizi ndani ya udongo.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Moja, anayetuuzia miti atuambie ukoo wa kila aina, na tusinunue chini ya aina tatu zisizo ndugu. Mbili, mihogo ya zamani iliyobaki kwa mashamba tusiing'oe; kila kilima kiiwekee kipande cha shamba. Tatu, tuombe INERA ya Mulungu itusaidie kupima majani yake.

Wafadhili, pesa ya kupima haitaonekana kwa sahani mwaka huu. Lakini ugonjwa ukifika, aina zitakazobaki zimesimama njo zitatupatia miti ya kupanda tena, bila kurudi kwenu kuomba.