Mwanamke wa Tekoa na Vijana Wetu



Somo letu liko katika 2 Samweli 14. Absalomu amekaa Geshuri miaka mitatu. Daudi anamtamani moyoni, lakini hamrudishi. Yoabu hakumhubiri mfalme. Alimtafuta mwanamke mwenye akili kutoka Tekoa, akamwambia avae nguo za matanga, asijipake mafuta, akamtia maneno kinywani. Yule mama akaenda kulia mbele ya mfalme: yeye ni mjane, wanawe wawili wamepigana shambani, mmoja amemwua mwenzake, na sasa ukoo unataka kumwua aliyebaki. Daudi akamhurumia, akaapa kumlinda mtoto ambaye hakuwapo kabisa. Ndipo alipoonyeshwa kwamba amejihukumu mwenyewe.

Huo ni mchezo wa kuigiza, wapendwa. Hatuna jina lingine la kuuita. Naye Ezekieli alichora Yerusalemu juu ya tofali, akalala ubavu mmoja siku 390 watu wakimtazama.

Tunasema haya kwa sababu sisi wazee wa kanisa tulizoea kuita teatri mambo ya dunia. Mchezo wa Noeli tunaukubali, Herode na taji lake la karatasi. Lakini vijana walipoomba kuigiza maisha ya hapa kwetu, tulikawia kuwajibu.

Mwishowe wakacheza, Jumamosi mchana, kwenye kiwanja cha kanisa. Binti wa korale amechukua mimba. Wazee wanamwita, wanamtoa katika korale, wanamnyang'anya kitenge cha sare. Anaacha masomo kwa aibu. Na kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga gitaa kila Jumapili, pale pale mbele. Mmoja wetu akanong'ona kwamba mtoto huyo anaonewa. Tukaitika kwa kichwa, kama Daudi.

Halafu kiongozi wao akasimamisha mchezo, akauliza nani anaweza kuingia na kuubadilisha. Njia hiyo imetoka mbali. Augusto Boal wa Brazili aliifanyia kazi tangu miaka ya 1970. Jirani zetu wa Tanzania nao, walimu wa teatri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha TUSEME mwaka 1996, ili wasichana wa sekondari waseme kwa michezo mambo yanayowazuia kusoma. Kwetu alisimama mama mzee mmoja, akachukua nafasi ya mzee wa kanisa, akamgeukia mpiga gitaa: «Na wewe mwanangu, mbona sare yako hatujaichukua?»

Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Sisi tuliokaa viti vya mbele hatukucheka. Jambo hilo tulilifanya sisi, katika kanisa hili.

Baadaye tuliwauliza vijana kwa ukali kidogo: mbona mmeanika habari ya mtu? Maana mchezo unaweza pia kumwaibisha binti mara ya pili, na hilo ni dhambi kama ile ya kwanza. Wakajibu kwamba walikwenda kwanza kwa binti mwenyewe, wakamweleza kila kitu, naye akakubali, akawarekebisha mahali walipokosea. Walikuwa wamekwenda kwake mara tatu. Sisi wachungaji wake tulikuwa hatujakwenda hata mara moja.

Tumekwenda sasa. Tunawasimulia kwa ruhusa yake, bila kumtaja. Tuliomba msamaha, tukamrudishia kitenge kikiwa kimekunjwa. Alikipokea, akakiweka juu ya meza, hakusema kama ataimba tena. Hatukumharakisha. Kijana naye tumemwita pamoja na wazazi wake. Mazungumzo hayo bado yanaendelea, na ada ya shule ya binti ni sehemu yake.

Vijana wanatayarisha mchezo mwingine, juu ya wavulana wanaoacha masomo kufuata dhahabu. Safari hii wametuomba tusikae mbele peke yetu. Wanataka mzee mmoja acheze.