Kabla ya Kumtuma Mgambo



Wahitimu wa chuo hiki cha Hombolo, wengi wenu mtapangiwa kata na mitaa mkiwa watendaji. Mtakuta meza moja, muhuri, daftari la wakazi na benchi lililojaa watu. Mama anayetaka barua ya mkopo atakaa bega kwa bega na baba aliyevunjiwa duka usiku. Ibara ya 146 ya Katiba imezikabidhi serikali za mitaa ulinzi wa wananchi pamoja na maendeleo yao, kwa hiyo wote wawili ni wenu. Ombi langu ni kwamba msiwatenganishe. Kukuza biashara na kuzuia uhalifu ni kazi moja, na mtendaji anayezigawa huishia kuharibu zote mbili.

Tumtazame machinga, maana hapo ndipo tumekosea mara nyingi. Kwa miaka mingi jibu la halmashauri lilikuwa mgambo: gari linafika, meza zinapinduliwa, nyanya zinakanyagwa, mtaji umekwisha. Lakini kijana yule bado anahitaji kula. Kesho atarudi pembeni zaidi, penye giza zaidi, au hatarudi kabisa, na wenye mipango mingine watamkuta hana la kupoteza. Mtaa nao umepoteza macho yake. Muuza chipsi anayefunga saa tano usiku anajua nani mgeni pale kituoni, na pikipiki ipi imepita mara ya tatu bila abiria. Hakuna doria inayoweza kukaa pale kila usiku kama yeye.

Desemba 2018 machinga walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, ila ulimpa mtu mdogo kitu cha kumwonyesha askari. Mwaka 2021 likaja agizo la kuwapanga upya. Wakipangwa penye wapita njia, choo na taa, hutulia. Wakipelekwa nje ya mji pasipo mteja, hurudi barabarani, na wana haki ya kutuuliza tulitarajia nini.

Sasa niseme jambo linalonikera kweli. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hiyo, baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa. Mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Kikundi hewa hakipati mkopo mpaka mtu apige muhuri kwamba anakifahamu. Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Utaletewa karatasi jioni, pamoja na bahasha na jina la mkubwa fulani. Ukikubali, umeiba cherehani ya binti ambaye hata hujamwona, na wizi wa kalamu ni uhalifu kama wizi wa panga. Nenda ukawaone wanakikundi kazini kwao, kwa miguu yako, ndipo upige muhuri.

Kuhusu ulinzi shirikishi, historia imetufundisha mawili. Sungusungu walianza mapema miaka ya 1980 huko Usukuma na Unyamwezi, wakarudisha ng'ombe wa watu pale ambapo dola ilikuwa imeshindwa. Lakini wapo pia waliopigwa na kuuawa bila kusikilizwa. Kwa hiyo walinzi wa mtaa wenu wawe na majina daftarini, zamu zinazojulikana, na stakabadhi kwa kila mchango. Na hofu isiwaongoze. Septemba 2022, makundi ya vijana wahalifu yaliyoitwa Panya Road yalipoitikisa Dar es Salaam, ilikuwa rahisi kumwona kila kijana wa kijiweni kuwa mshukiwa. Wengi wa vijana hao ndio ambao mngewapa kibanda mchana, wangelinda mtaa usiku.

Mkisharipoti kazini, kabla hamjamtuma mgambo popote, itisheni Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mtendaji wa kata ndiye katibu wake. Mwombeni diwani awakaribishe polisi kata, mwenyekiti wa soko, kiongozi wa bodaboda na mama lishe mmoja asiyeogopa kusema. Waulizeni watu huibiwa wapi na saa ngapi. Kisha waulizeni ni wapi maduka yanafungwa mapema kwa hofu. Choreni majibu yote kwenye ramani moja, na mtaona kwamba mara nyingi ni kichochoro kilekile, chenye nguzo ya umeme isiyo na taa.

Andikeni barua ya kuomba taa hiyo, mwambatanishe ramani, mpeleke kwa mkurugenzi wakati bajeti ingali wazi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Barua itakayofika Juni itasubiri mwaka mwingine, na kichochoro kitasubiri nayo.