Majira ya Uzazi

Leo twataka kusema nanyi habari ya kupanga uzazi kwa kuzijua siku za mwanamke. Habari hii watu wazima huizungumza kwa kunong'ona, na lisemwalo kwa kunong'ona husikika nusu. Nusu hiyo ndiyo iletayo hasara.

Sisi tukaao Maguu, katika milima ya Umatengo, twaijua thamani ya majira. Mkulima hachimbi ngoro siku yo yote apendayo. Hungoja mvua zielekee mwisho, akafyeka majani, akayapanga, akayafunika kwa udongo, kisha akapanda maharagwe. Mwili wa mwanamke nao una majira yake. Ndiyo maana katika Tanzania kazi hii, ambayo chama cha UMATI kiliianza mwaka 1959, ilijulikana kwa jina la uzazi wa majira.

Wazee walimwonya mume asimkaribie mke anyonyeshaye, mtoto asije akabemendwa, yaani akadhoofika. Tendo lenyewe halimdhuru mtoto. Kimdhuruacho ni mimba ijayo upesi, akaachishwa ziwa kabla ya wakati. Basi shabaha ya wazee ilikuwa njema. Shirika la Afya Duniani nalo hushauri ipite miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Wako wanaodhani kwamba mwanamke hushika mimba mara tu hedhi inapokwisha, na kwamba katikati ya mwezi ana salama. Kwa wanawake wengi mambo ni kinyume. Daktari Ogino wa Japani mwaka 1924, na baada yake Daktari Knaus wa Austria, walionyesha kwamba yai hutoka yapata siku 14 kabla ya hedhi ifuatayo. Yai huishi kama siku moja tu, lakini mbegu ya mume yaweza kuishi hata siku 5 ndani ya mwili wa mke. Kwa hiyo hatari huanza kabla yai halijatoka.

Mwanamke ambaye mzunguko wake haupungui siku 26 wala hauzidi 32 aweza kufuata njia nyepesi. Siku ya kwanza ya damu aihesabu kuwa ya 1. Tangu siku ya 8 hata ya 19, mume na mke wasikutane. Ziko shanga zilizotengenezwa kwa kazi hii, 32 kwa jumla: moja nyekundu ya siku ya kwanza, na 12 nyeupe za siku za kujizuia, zilizobaki ni za rangi ya udongo. Kila siku kipete husogezwa ushanga mmoja. Hata asiyejua kusoma aweza kuzitumia.

Lakini tusidanganyane. Katika wanawake 100 washikao njia hii barabara kwa mwaka mmoja, 5 hivi hushika mimba. Na kwa matumizi ya kawaida, yenye kusahau na kuteleza, hufika 12. Haimfai mwenye mzunguko usiotulia, wala aliyejifungua karibuni, mpaka hedhi yake irudi na kukaa sawa. Wala haizuii Ukimwi na maradhi mengine ya zinaa. Mama anyonyeshaye maziwa yake peke yake, usiku na mchana, ambaye hedhi haijarudi, na mtoto wake hajatimiza miezi 6, ana kinga nyingine ya kweli. Lakini moja ya mambo hayo matatu likikosekana, kinga hiyo imekwisha.

Neno letu kubwa ni hili. Katika njia hii mke ndiye ahesabuye, bali mume ndiye aitunzaye hesabu. Mume akirudi kutoka pombeni siku ya 12, akasema, "Siku gani hizo? Mimi sizijui," basi shanga zote zimekuwa mapambo tu. Na mimba ikiingia, kijiji humlaumu mke kwamba hajui kuhesabu! Hiyo si haki. Siku 12 za kila mwezi ni za watu wawili, na mume asiyekubali kuzibeba asimtwike mkewe peke yake.

Basi, ninyi akina baba, nendeni zahanati pamoja na wake zenu, mkafundishwe pamoja. Na mke ambaye neno lake halisikiwi nyumbani asiitegemee njia hii. Amweleze mkunga hali yake bila ya haya, apate njia nyingine impasayo. Uzazi wa majira wataka watu wawili wenye kusikilizana. Pasipo hayo, hesabu iliyo sahihi kabisa haifai kitu.