Mazungumzo kwa Walimu: Vibonzo katika Masomo ya Jamii



Vibonzo si vigeni kwa msomaji wa Kiswahili. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, aliwafikishia wananchi mambo mazito kwa mistari michache na kicheko. Mwalimu anayevitumia darasani hutumia lugha ambayo mwanafunzi anaifahamu.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Mfano ni Songea, mkoani Ruvuma. Mchoro wa mpiganaji wa Majimaji anayeikabili bunduki kwa maji waweza kumchekesha mtoto, naye akadhani wazee wale walikuwa wajinga tu. Kumbe dawa ile iliunganisha makabila mengi dhidi ya kodi na kazi za shuruti. Mjini Songea viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa tarehe 27 Februari, 1906. Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini humo na kuahidi kusaidia kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano. Matanga hayo bado hayajaanuliwa.

Kwa hiyo walimu wanashauriwa kuambatanisha kila kibonzo na maswali: nani amekichora, anamcheka nani, na kipi amekiacha? Kisha wanafunzi wachore vyao, vikionyesha kodi, shuruti na njaa iliyofuata vita. Kicheko kimwelekee mwenye mabavu, si marehemu.