Rudolf Diesel: enjenieri, baba wa jamaa, na deni alilolificha



Mlituomba tuzungumze juu ya kazi na jamaa. Tumechagua maisha ya mtu mmoja ambaye mnamtaja kila siku bila kujua kama lile ni jina la mtu. Mkisema "mota ya dizeli", mnamtaja yeye: Rudolf Diesel, enjenieri wa mashini.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, baba fundi wa ngozi. Mwaka 1870 vita ikawaka kati ya Wafaransa na Wajerumani. Jamaa yake ikafukuzwa Paris, ikakimbilia London. Kule maisha yakawa magumu, na Rudolf, mtoto wa miaka 12, akatumwa Augsburg, Ujerumani, kulelewa na ndugu wa jamaa. Basi, huyo mtoto mnamfahamu. Wengi wenu mlilelewa na mjomba ao shangazi juu ya vita, na mlisomea ng'ambo ya ziwa. Yeye naye alishika masomo, akamaliza shule kubwa ya ufundi ya Munich mwaka 1880, kati ya wale wa mbele kabisa.

Wakati ule viwanda vilitumia mashini ya mvuke. Ilikula makaa mengi sana, na karibu moto wote ulipotea bure: kwa 100, hata 10 kufanya kazi ilikuwa shida. Diesel akawaza hivi: hewa ikibanwa kwa nguvu ndani ya silinda, inakuwa ya moto sana. Ukiingiza mafuta humo yanawaka yenyewe, bila bugi. Aliyepiga pompi ya baiskeli anajua: pompi inapata moto mkononi.

Jaribio la kwanza, mwaka 1893, lilipasua kipimo cha mashini, na yeye akaponea chupuchupu. Ilichukua miaka minne mpaka mota ikatembea sawasawa, na mwaka 1897 wakapima: 26 kwa 100. Miaka yote ile viwanda viwili, cha Augsburg na cha Krupp, viliendelea kumtolea pesa bila kuona faida. Wasaidizi wetu, hapo tunawaomba msikie vizuri.

Hiyo mota imefika mpaka kwetu. Meli Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913. Ilianza na mvuke, halafu miaka ya 1970 ikawekewa mota za dizeli. Mwaka 1997 ilivusha wakimbizi zaidi ya 75,000 toka Kigoma mpaka Uvira. Kati yenu wako waliovuka nayo. Kazi ya yule mtoto aliyefukuzwa ndiyo iliwarudisha nyumbani.

Sasa tuingie ndani ya nyumba yake. Mwaka 1883 alimuoa Martha, wakazaa watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja. Akiwa safarini alimwandikia mke wake barua. Mtoto wake Eugen, alipokuwa mtu mzima, aliandika kitabu kizima juu ya baba yake. Ni kusema alikuwa baba wa kweli.

Mota ilimtajirisha, akajenga nyumba kubwa Munich. Lakini pesa zikapotea katika biashara za viwanja na za mafuta, na kesi zikamchosha. Deni likakua. Nyumbani hakulisema. Mwisho wa mwezi wa tisa 1913 alimwachia mke wake mfuko, akamwambia asiufungue mpaka juma lijalo. Ndani mlikuwa pesa na karatasi za banki: karibu hakuna kitu. Usiku wa tarehe 29 alikuwa ndani ya meli Dresden akienda Uingereza. Alikula, akaingia chumbani. Asubuhi hakuonekana. Siku zilipopita, mabaharia wakakuta maiti baharini, na vitu vilivyotolewa mifukoni vilitambuliwa na Eugen. Mpaka leo watu wanabishana kama alijirusha, alianguka ao alisukumwa. Lakini deni halibishaniwi, wala kimya.

Ndugu zetu, tukitembelea nyumba zenu tunakuta kimya hicho hicho. Mtu anachukua mkopo wa kinu ao wa nyavu, mambo yanaharibika, anaacha kuja mkutanoni. Siku moja ameenda machimboni, na mama ndiye anajua deni siku watu wanapokuja kubeba mbuzi. Siyo kwamba hakupenda watoto. Aliwapenda, ndiyo sababu aliona haya. Haya inaua nyumba kuliko deni.

Kwa hiyo tunaleta mambo matatu mbele ya mkutano huu. Kwanza, kila mkopo ujulikane na bwana na bibi, wote wawili watie sahihi. Pili, anayeshindwa kulipa aseme kwa mweka hazina kabla ya siku kufika, na mtu yeyote asimcheke hapa. Tatu, wasaidizi watuachie sehemu ya msaada kwa wale ambao jaribio lao la kwanza limepasuka.

Diesel alikuwa na akili kupita sisi wote. Alichokosa ni watu wa kuwaambia. Ninyi mnao, wamekaa karibu nanyi kwenye benchi hizi.