Tujue Dumu Lilibeba Nini Kabla ya Kupanda

Mazungumzo kwa wakazi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji



Tumeombwa tuzungumze juu ya bustani za vyombo, yaani mboga, viungo na maua yanayopandwa katika madumu, ndoo na magunia kandokando ya nyumba. Hatuji kuwafundisha jambo geni. Apitaye vichochoroni Ujiji huona mrehani ndani ya kopo la maziwa na matembele yakining'inia kwenye gunia. Lakini haja imezidi. Viwanja ni vidogo; maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni yalifunika sehemu za ufuko; na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Basi bustani imehamia barazani, na mkulima wa barazani ni mnunuzi: hununua chombo, hununua mbegu, pengine hata udongo. Ndiyo sababu jambo hili limetufikia sisi tunaoshughulika na haki za mlaji.

Tuanze na chombo, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari.

Mkoa wetu umejaliwa mawese, na dumu la lita 20 lililobeba mawese ni chombo chema kabisa. Likatwe ubavuni, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka utelezi uishe, maana mafuta yaliyobaki huvuta sisimizi, kisha litobolewe matundu matano au sita upande wa chini.

Sokoni, hata hivyo, huonekana pia madumu na mapipa ambayo hayakubeba chakula. Mengine yalibeba viuatilifu. Mkulima aliyemaliza dawa huelekezwa asuuze chombo mara tatu, kisha akitoboe. Matundu yale hutobolewa ili mtu yeyote asikitumie tena. Sasa tazameni mambo yanavyogeuka: kwa anayetaka kuchota maji, tundu ni kasoro, kwa anayetaka kupanda mchicha, tundu ni neema. Muuzaji husema, "Mama, hili limekwisha tobolewa, kazi yako ni kutia udongo tu." Alama iliyowekwa ili kukataza imekuwa sifa ya kuuzia. Na kusuuza mara tatu hakulifanyi dumu kuwa chombo cha chakula, kwa kuwa plastiki hunywa sehemu ya dawa na kuitoa polepole.

Sisi wenyewe tumewahi kudanganyika. Tulinunua nusu pipa la buluu kwa ajili ya bustani ya mfano, tukaambiwa lilibeba sabuni ya maji. Halikuwa na harufu yoyote. Mchicha uliota, kisha majani yakajikunja. Tulipoligeuza pipa tuliona gundi ya lebo iliyobanduliwa na kipande cha mstari mwekundu. Hatukusubiri kuthibitisha kama ni dawa iliyoukunja mchicha ule. Tuliung'oa wote, na hakuna aliyeula.

Mstari huo una maana. Chini ya lebo ya kiuatilifu huwapo ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu: mwekundu ni sumu kali kupita zote, hufuata wa njano, wa buluu, na wa kijani ambao una ukali mdogo. Hata chombo chenye ukanda wa kijani hakifai kwa mboga. Wengi wetu pia huitegemea pembetatu yenye namba iliyopigwa chini ya dumu. Namba 2 au 5 hueleza aina ya plastiki tu. Haisemi dumu lilibeba nini.

Kwa hiyo, lebo ya asili ikiwa haipo, na muuzaji hana jibu lililo wazi, tusinunue. Wala tusijipe moyo kwamba tutapanda maua tu, kwa kuwa chungu cha waridi mwaka huu ndicho chungu cha nyanya mwaka ujao.

Kuhusu udongo tutasema machache. Sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza vizuri na moja ya mchanga zinatosha. Mchicha huridhika na kina cha sentimita 20. Nyanya na bamia zinataka 30, na mche mmoja kwa kila ndoo.

Maji yanahitaji uangalifu zaidi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana hali ya magadi. Kipimo chake cha pH hukaribia 9, ilhali mboga nyingi hupendelea udongo wa kati ya 6 na 7. Shambani mvua husafisha, lakini katika dumu wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, chumvi hubaki na kujikusanya. Tukiona ukoko mweupe juu ya udongo, tumwagilie kwa wingi mpaka maji yatiririke chini, na samadi iongezwe. Maji ya mvua yakingwe kila yanapopatikana.

Mbegu nazo zina hila zake. Pakiti iwe imefungwa, ina lebo ya TOSCI, yaani Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, na tarehe yake haijapita. Mbegu zinazopimwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi hazina mtu wa kuzijibia. Mwenye shaka na aweke mbegu kumi juu ya kitambaa kibichi: zikiota nne tu, arudi dukani. Lakini si kila kitu kinunuliwe. Mchaichai hupasuliwa shina kwa jirani, matembele ni kipande cha mche, na giligilani ya dukani, ile ya kutia katika mchuzi, huota vizuri kwa bei ndogo sana.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza muuzaji kumpotosha mlaji. Ila mlalamikaji huulizwa ushahidi, hivyo stakabadhi na pakiti tupu zitunzwe mpaka mavuno.

Sasa tunakaribisha maswali, na wale waliokuja na madumu yao wayalete mbele tuyageuze pamoja.